Mungu na Mimi Hatusalimiani

8 Oktoba, Jumanne

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, na paa la kanisa limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya mimbari. Nimeweka ndoo. Wazee wa kanisa wanasema hiyo ni baraka. Baraka inayonidondokea shingoni nikihubiri bado sijaizoea.

Daftari hili amenipa Florent, mume wangu, karani wa reli kule Luena, anayekuja Kamina mara moja kwa mwezi, treni ikitaka. "Ile mambo yote unaniambiaka ku simu," alisema, "andika mu hii kaye. Minyi niko karani, siko pasta." Nilicheka, lakini iliniuma kidogo.

Basi niandike. Mimi ni Lise, mchungaji wa majaribio, mwaka wa nne na wa mwisho. Parokia yangu ni ndogo, kando ya Base, kambi kubwa ya jeshi, na nusu ya waumini ni wake wa wanajeshi kutoka kila kona ya Kongo. Mwezi wa pili, kwenye konferensi, mkutano mkuu wa kanisa letu, nitapiga magoti niwekewe mikono, na sitaitwa tena wa majaribio. Miaka minne nimeingoja siku hiyo. Christelle, tuliyesoma naye theolojia benchi moja, atapiga magoti kando yangu. Katika wilaya nzima wachungaji wanawake ni sisi wawili tu.

17 Oktoba, Alhamisi

Mkutano wa wachungaji mjini. Mafundisho ya leo: "Mtumishi asichoke." Msimamizi wetu, mzee Manassé, aliwauliza mmoja mmoja wako namna gani. Wanaume kumi na mmoja wakajibu kama waliokaririshwa: "Bwana asifiwe, tuko muzuri." Baba mmoja jicho lake lilikuwa jekundu, mke wake yuko hospitali. Naye alikuwa muzuri.

Kabla zamu yetu haijafika, mama Mauwa, mke wa msimamizi, alichungulia mlangoni akisema jikoni wanahitaji mikono. Mikono iliyoangaliwa ni yangu na ya Christelle. Tumesonga bukari, ugali wa huku. Somo la kutochoka limemalizika bila sisi.

25 Oktoba, Ijumaa

Leo tumemzika Ariel, mtoto wa Tshiala. Miaka minne. Surua.

Tshiala anauza mikate ya mafuta kwenye soko la getini, pa kuingilia Base. Mume wake, askari, yuko mbali mashariki na simu yake haishiki. Jana, mtoto alipokata roho, alinivuta nyuma ya nyumba akanishika mikono miwili. "Pasta, nikuambie weye peke yako. Siku tatu nilimuweka kwa ule mama wa maombi kule nyuma ya depo. Alisema nisimupeleke hospitali, kama napeleka nimekosa imani. Siku tatu, pasta." Nikamshika mpaka akaweza kurudi kwa watu.

Kwenye matanga nikaomba mbele ya watu wote. Nilimwomba Bwana amfariji mama huyu, asijilaumu kwa zile siku tatu alizochelewa, amsamehe kukimbilia mahali pasipo dawa. Niliomba vizuri. Wanawake walilia.

Lakini makaburini! Nilifika kwenye yale maneno ya Ayubu, ya kutoa na kutwaa, nikaangalia lile sanduku. Lingeenea chini ya benchi la kanisa. Maneno yalikataa kutoka. Midomo ilitembea, sauti haikuwepo. Abdias, mwinjilisti wangu, akadhani nina mafua, akachukua kitabu akamaliza. Kando alisimama Cyprien, mchungaji wa jeshi, wa kanisa lingine, mtu asiyeongea ambaye kila ukimwona anashona buti za askari. Aliniangalia, akaangalia chini.

26 Oktoba

Baba yangu, mwalimu kule Kabongo, alitulea hivi: kabla hujamwambia mtu neno lolote asubuhi, msalimu kwanza Mungu. "Wakomapo, Vidye." Hiyo ni salamu ya Kiluba, na Vidye ni Bwana. Kisha mama, kisha majirani. Tangu nina akili sijaruka siku.

Leo nimeamka, nimekaa kitandani, sikumsalimu.

Kwetu watu wawili wanaweza kudaiana, kugombana, hata kupigana, na bado wakasalimiana. Wakiacha kusalimiana, kila mtu anajua mambo yamefika pabaya. Nimeandika hili kwa mkono ulionyooka. Nina hasira na Mungu, na sitaki kumwona asubuhi.

3 Novemba, Jumapili

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili. Tshiala hakuja kanisani.

9 Novemba

Nimepita sokoni. Nilimsalimu Tshiala. Aliendelea kugeuza mikate yake kana kwamba umepita upepo. Huzuni ni kitu kizito, nitampa muda.

Asubuhi mimi na Mungu, kimya. Ni siku ya kumi na tano.

12 Novemba, Jumanne

Nimefikiri: mchungaji hana budi kuwa na watu wa kumsikiliza. Nikaenda kwenye kikundi cha mama pasta, wake wa wachungaji. Mama Mauwa alinipokea vizuri, akaniuliza mbele ya wote: "Bon, mama Lise, weye uko mama pasta ao uko pasta?"

"Niko vyote, mama."

"Na nani njo anapikiaka Florent?"

"Florent anajipikia, mama. Ameshanona."

Wakacheka, nami nikacheka. Kisha somo likaanza: namna ya kumtunza pasta akirudi amechoka. Usimwambie habari za watoto kabla hajala, mwachie kiti chake, akikasirika muache alale. Niliandika yote nikijiuliza nani ataniachia kiti. Nilitaka kusema lile la makaburini, lakini wale mama walikuja kutafuta msaada kwa ajili ya watu kama mimi. Ningewatisha.

21 Novemba, Alhamisi

Nilimfuata mzee Manassé baada ya mkutano. Nikamwambia, "Baba, nimechoka. Nimechoka mubaya." Aliweka mkono begani kwangu kwa upendo wa kweli, sisemi hapana. "Funga siku tatu, mama. Na ile ripoti ya mazishi haujaleta."

Ripoti: mazishi saba tangu mvua kuanza, watano watoto. Abdias amesoma kwenye makaburi yote. Sasa anabeba kitabu bila kuuliza, na watu wanasema mchungaji ana kifua kibaya.

28 Novemba, Alhamisi

Leo nina furaha, niiandike haraka.

Christelle amekuja mpaka huku Base kwa pikipiki, kalowa chapachapa. Nilimpikia sombe, majani ya mihogo, na samaki wa Malemba. Akasukuma sahani yake kando. "Leo tukule mu sahani moja," akasema. "Weye na minyi tunamaliza miaka tunajibu 'tuko muzuri.' Tufanye bulunda ya kweli. Kila Alhamisi, tukitoka ku mukutano. Unaniambia yako, nakuambia yangu, na haitoke."

Bulunda ya wazee wetu, urafiki wa kiapo, haikuwa mchezo. Waliokula sahani moja kwa kiapo, mmoja akiumwa mwingine alikuwa analima shamba lake. Tukala. Kisha nikasema yote: makaburi, midomo bila sauti, asubuhi bila salamu. Hakunihubiria. Alilia. "Lise, Lise, unabeba vile vyote peke yako?"

Kisha akaniambia lake. Ni zito kuliko langu. Sitaliandika hapa.

29 Novemba

Nimelala kama mtoto. Mungu na mimi bado, lakini leo nilikaribia kumsalimu.

5 Desemba

Alhamisi ya pili na Christelle. Viwavi vimeanza kuuzwa, tumekula sufuria nzima. Tumecheka mpaka mbavu zimeuma. Aliniigizia mzee Manassé, "Funga siku tatu, mama," na kidole juu. Huyu ndiye niliyemhitaji tangu mwanzo, mwanamke, mchungaji, mtu wa rika langu.

8 Desemba

Tshiala hakuja. Nikipita getini anageuza uso. Nimemwambia Abdias ampelekee unga. Unga umerudi.

14 Desemba, Jumamosi

Nimefunga mlango ndipo naandika.

Leo ilikuwa siku ya kufunga, parokia zote za wilaya, katika kanisa kubwa la mjini. Watu wangu walikodi lori, tukaja tumebanana, tukiimba. Kanisa lilijaa mpaka nje. Maombi ya saa sita aliongoza Christelle. Mimi nilikaa mstari wa mbele, nikijivunia rafiki yangu. Ana sauti, yule. Anaanza pole pole kama mtu anayewasha moto wa majani mabichi, kisha unashtukia nyumba inawaka.

Aliombea wagonjwa. Aliombea askari walio mbali. Kisha akasema, "Baba, sasa tunakuletea batumishi bako." Watu wakaitika. Machozi yalikuwa yanamtoka, machozi ya kweli. Nami nikafumba macho.

"Baba, angalia dada yetu wa kule Base! Baba, ameacha kukusalimia! Tangu ule mutoto wa askari alikufaka, asubuhi hasalimie tena Mungu wake! Baba, pa kaburi anatikisa midomo tu, sauti hakuna! Anakukasirikia, Baba! Rudisha sauti yake!"

Na watu wote, "Rudisha!"

"Rudisha salamu yake!"

"Rudisha!"

Nilifumbua macho. Wale wa lori langu, watu wangu, walikuwa wamefumbua yao pia. Mama mmoja wa kwaya aliniangalia huku mkono wake bado uko juu. Abdias alikuwa anaangalia kitabu alichoshika, kile cha mazishi, hakitoki mkononi mwake siku hizi, na nikaona amefahamu sasa juu ya kifua changu kibaya. Mzee Manassé kule mbele alikuwa hasemi "Rudisha" tena. Alikuwa anafikiri.

Sikuondoka. Kuondoka kungekuwa kukiri. Nilikaa nikaombewa dakika nzima na watu zaidi ya mia tano kwa jambo nililolisema juu ya sahani ya sombe. Christelle alipomaliza alishuka akanikumbatia mbele ya wote, kalowa jasho, anang'aa. "Umesikia uzito umetoka?" akaninong'oneza. Nilihisi nguo yangu imevuliwa katikati ya soko, na aliyenivua anauliza kama nasikia ubaridi mzuri.

Kurudi, lori halikuimba.

15 Desemba, Jumapili

Nimehubiri. Sijui nilisema nini. Mlangoni kila mtu alinisalimu kwa mikono miwili, polepole, kama wanavyosalimiwa wafiwa. Mzee mmoja alisema, "Mama, umusalimie tu. Hata kidogo." Watoto wamejifunza mchezo nyuma ya ukuta: mmoja anatikisa midomo bila sauti, wengine wanapiga kelele, "Rudisha!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeusikia msemo huo tangu utoto, sikujua kwamba kinauma hivi.

17 Desemba, Jumanne

Nimepanda pikipiki mpaka kwa Christelle. Alikuwa anaanua nguo, mvua inakuja. Alifurahi kuniona! Nusura nirudi kwa hasira.

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Vile nini?"

"Ulitoa siri yangu, Christelle. Mbele ya wilaya muzima."

Alishangaa kweli. Nimeufikiria sana uso ule, haukuwa wa kujifanya. "Lise, mulunda yangu, minyi? Sikusemea muntu hata moja. Hata bwana yangu hajue. Nilisema kwa Mungu."

"Na mikro ilikuwa ya Mungu?"

"Tulikuwa mu maombi! Mu maombi habasengenyake. Sikutaja jina yako."

"Ulisema Base. Pasta wa Base ni wangapi?"

Alikaa juu ya kibao, nguo mapajani. "Roho njo alinisukuma. Nilikuwa nakubeba. Ningeacha mulunda yangu anazama, ninyamaze?" Kisha, kwa sauti ndogo, "Ile yangu, je, haukuiombeaka?"

"Hapana. Niliificha."

Akakunja nguo moja. Mvua ikaja, nami nikaondoka ndani yake. Kama angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Lakini huyu amenisaliti kwa magoti, na yuko tayari kulirudia Jumamosi ijayo.

19 Desemba, Alhamisi

Mzee Manassé ameniita ofisini peke yangu.

"Mama Lise, mi sikuhukumu. Lakini ku konferensi batasoma jina yako, batauliza: kuko neno juu yake? Kila mwaka minyi njo namujibia kila pasta. Sasa nijibu nini? Hakuna neno? Bantu mia tano balisikia neno."

"Walisikia maombi, baba."

"Njo vile. Tungojee mwaka moja. Na juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Ulinijibu nifunge siku tatu."

Aliangalia karatasi zake. Nadhani aliona haya. Lakini karatasi ya kunichelewesha aliisaini.

Christelle atapiga magoti bila mimi kando yake.

25 Desemba

Noeli. Ndoo. Florent hakufika, treni imelala njiani.

30 Desemba

Sitaki mtu. Mama Mauwa ametuma kuku, nimempa Abdias. Christelle amepiga simu mara sita, na nimeiacha iite. Mungu naye sijamsalimu, sasa kwa sababu ya pili: aliambiwa siri zangu kwa kipaza sauti na akasikiliza.

5 Januari, Jumapili

Wakati wa kuwaombea watu nilisimama chini ya tundu la paa, nikaanza kama siku zote. "Bwana, mkumbuke ndugu yetu huyu, unajua namna pombe ilivyomrudia wiki hii..." Sikulimaliza. Yule ndugu alikuwa safu ya nne. Nikaona shingo yake ikizama katika kola. Aliniambia yeye mwenyewe, Jumatano, mlangoni kwangu.

Nikanyamaza. Watu wakadhani ni ule ugonjwa wangu. Macho yangu yakaenda mahali Tshiala alipokuwa anakaa, karibu na dirisha. Pako wazi tangu mwezi wa kumi.

Nyumbani nimefungua daftari hili nyuma. 25 Oktoba. Nimesoma mstari wangu mwenyewe: "Niliomba vizuri. Wanawake walilia."

Kisha nimesoma 3 Novemba, 9 Novemba, 8 Desemba. Unga umerudi. Nikaandika huzuni ni kitu kizito! Nyani haoni kundule. Mchungaji asiandike neno kama hilo, lakini limeshaandikwa.

7 Januari, Jumanne

Nimekwenda kwa Tshiala. Alikuwa anaosha sufuria uani. Hakuinuka, hakunipa kiti. Nikachuchumaa kwenye tope.

"Mama Tshiala, nimekuja kuomba pardon. Ile siku ya matanga nilisema siri yako."

Aliendelea kusugua. Kisha alijibu bila kuniangalia.

"Mama-mukwe alikuwa pale, alisikia. Alitelefonia bwana yangu kule mashariki mbele minyi nimutelefonie. Alimuambia: bibi yako alimuweka mutoto siku tatu mpaka akakufa, hata pasta alisema. Hata pasta alisema! Sasa bwana yangu hanipigie tena. Na bamama ya hapa banasemaka njo minyi niliua mutoto."

"Nilikuwa nakuombea..." Nilisikia sauti ya Christelle ikitoka kinywani mwangu, nikafunga mdomo.

"Pasta. Mungu alikuwa anajua zile siku tatu. Alikuwa pale. Sikutafuta muntu wa kumuambia Mungu." Hapo ndipo aliponiangalia. "Nilikuambia weye."

Nilibaki nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Hakunisamehe. Aliingia ndani, akafunga mlango taratibu, kwa adabu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuupiga.

Kutoka pale nilipita karibu na kanisa la jeshi. Cyprien alikuwa kibarazani na buti kati ya magoti, sindano na uzi wa nta. Nilikuwa na tope mpaka kiunoni. Alisogeza rundo la buti nipate mahali pa kukaa.

"Nasikia haumusalimie," akasema.

"Kama inavyosikia nchi nzima."

"Minyi nilimaliza miaka mbili. Ilikuwa baada ya Malemba-Nkulu, wakati wa vita ya bale ba mai-mai. Kila siku makaburi. Nilikuwa napiga saluti kwa makoloneli yote, Mungu hapana." Alivuta uzi, akaung'ata. "Muke yangu tu njo alijua. Na ule alinifundishaka kushona, alikuwa pasta naye."

Nikamwambia. Langu, la Tshiala, nilichomfanyia. Hakuacha kushona. Nilipomaliza, nikainamisha kichwa kama tulivyozoea, ningoje maombi.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Si utaomba?"

"Hapa hatuombeake. Tukianza kuomba, tutasema." Akanipa buti lingine. "Shika hii ngozi, usiachilie."

14 Januari, Jumanne

Kibarazani. Nimeshika ngozi.

21 Januari, Jumanne

Leo Cyprien amesema lake moja, nami sikuomba. Vigumu kuliko nilivyodhani! Ulimi wa mchungaji unakimbilia "Baba yetu" kama mbuzi anavyokimbilia mihogo. Nimeung'ata.

Nilitafuta mtu wa rika langu, mwanamke, wa kanisa langu, wa benchi langu. Nimempata mzee wa kanisa lingine ambaye hanipi shauri hata moja. Sisemi nimepona. Usaliti bado uko kifuani, nauhisi nikipanda ngazi.

Jumapili nilizika tena. Nilimwomba Abdias kitabu changu. Kwenye maneno ya Ayubu niliruka, nikasema tu jina la mtoto, kwa sauti. Sauti ilitoka.

28 Januari

Nimepita getini. "Jambo, mama." Kimya. Kesho nitapita tena.

16 Februari, Jumapili

Konferensi imekwisha.

Ijumaa walisoma majina. Kila jina, mzee Manassé alisimama: "Hakuna neno juu yake." Lilipofika langu alisimama akasema, "Angojee." Neno moja. Vichwa viligeuka, kisha vikarudi haraka. Miaka minne iliingia katika neno hilo, nami nikakaa wima.

Leo ilikuwa siku ya kuwekewa mikono. Kuna desturi kwetu, sijui ni nani aliyeibuni, labda mtu aliyewekewa mikono mapema: anayecheleweshwa ndiye anayewaombea waliotangulia, mbele ya wote, ili asibaki na kinyongo. Kwa hiyo niliitwa. Walipiga magoti sita. Wa mwisho, Christelle, kola nyeupe mpya.

Mzee Manassé akanipa mikro.

Niseme ukweli, kwani hapa ndipo mahali pake. Lilinijia lote. Lile lake, alilonipa juu ya sahani moja, lilipanda mpaka kwenye meno. Nililijua neno kwa neno. Lingekuwa maombi mazuri kuliko yote niliyowahi kuomba. "Baba, mwangalie dada yetu wa mwisho hapa..." Watu wangelia. Na mtu asingeweza kunilaumu, maana mu maombi habasengenyake, kama alivyosema mwenyewe. Christelle aliinua macho akaniangalia. Alikuwa amejua. Kwa mara ya kwanza aliogopa maombi.

Watoto wakaanza kukohoa. Akilini nilimwona Tshiala na mikono yake juu ya sufuria.

Nikasema, "Wakomapo, Vidye."

Wazee wa nyuma, kwa mazoea tu, wakaitika, "Eyo vidye."

"Ni mimi, Lise. Ni siku nyingi. Hawa sita ndio hawa. Unawajua. Sina la kukuambia juu yao. Amina."

Nikarudisha mikro. Mama Mauwa alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia maombi mafupi ya aibu namna ile. Mzee Manassé alinishika mkono kwa muda.

Christelle alinitafuta mlangoni. "Lise, ulinificha." Nilitazama pembeni mpaka watu walipomzunguka kwa pongezi.

17 Februari

Nimeamka. Nimemsalimu. Kwa kifupi, kama wanavyosalimiana watu siku ya kwanza baada ya ugomvi. Sijamsamehe bado, na sidhani ananidai hivyo.

22 Februari, Jumamosi

Jua, kwa mara ya kwanza wiki hii. Nimepita getini. "Jambo, mama Tshiala."

Aligeuza mkate mmoja. Akageuza wa pili. "Jambo," akasema.

Si "jambo, pasta." Jambo tu. Nilisimama pale kama mjinga nisijue mikono niiweke wapi. Bwana wake bado hapigi simu, najua, Abdias aliniambia. Sikuuliza.

Wakati huo pikipiki ikasimama ng'ambo ya barabara, Christelle juu yake, kola nyeupe, amekuja mpaka Base kwa ajili yangu. "Lise!" akaita. "Jambo, Lise!"

Niliinama nikafunga kiatu changu. Kilikuwa kimefungwa. Nilikaa chini vile mpaka pikipiki ikaondoka.

Tshiala alikuwa ananiangalia. "Haumuitikie?"

"Bado."

"Bado," akarudia. Akanisogezea kibao chake nikae, akaendelea na mikate.

Yeye alichukua karibu miezi minne kwa neno moja, nami nilistahili kila siku yake. Mungu nimemsalimu. Christelle, bado.